Programu niliyoikompaili Ubuntu 24.04 inagoma kufunguka 20.04, msaada wakuu

Kijana_Tandale: Wakuu, habari za mchana. Nimeandika programu ya stoo kwa C++, ya shemeji yangu mwenye duka la spea Kariakoo. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu 24.04 inapiga kazi vizuri. Nikaibeba kwa flashi hadi dukani, mashine ya pale ni Ubuntu 20.04, ikagoma hata kufunguka:

`./stoo: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.34' not found`

Chini yake kuna mistari mingine ya aina hiyohiyo. Shemeji hataki mtu aguse mfumo wa ile mashine, printa yake ya risiti ilimsumbua sana mpaka ikakubali. Je, nikihamisha libc.so.6 ya laptopu niiweke pale, itasaidia? Natanguliza shukrani.

ChumaUlete: Hamisha mkuu, weka juu ya ile ya zamani. Dakika moja tu.

Fundi_Temeke: Usithubutu! Karibu kila kitu kinaitegemea faili hiyo: bash, ls, sudo. Nayo lazima iendane na ld-linux (kipakizi kinachoanzisha programu) ya toleo lake. Ukiibandika ya 24.04 pale, amri inayofuata haifunguki, hata cp ya kurudishia ya zamani. Utakuwa unatafuta flashi ya kubutia huku wateja wamejaa kaunta.

Iko hivi. Glibc, laibrari ya msingi inayokaa kwenye hiyo libc.so.6, kwa 20.04 ni toleo 2.31, kwa 24.04 ni 2.39, na kila fanksheni ndani yake ina alama ya toleo. Alama za zamani hazifutwi, ndiyo maana programu ya zamani hupokelewa kwenye mfumo mpya. Kinyume chake ndipo mnapokwama wengi. Na 2.34 inawakamata hata wasio na hatia: ndilo toleo lililoingiza libpthread (laibrari ya threads) ndani ya libc, na `__libc_start_main`, ambayo programu hupitia ili ianze, ikapewa alama mpya. Hata programu ya kuandika "Mambo" tu ingegoma pale.

Piga hii uone yako inadai nini:

`objdump -T stoo | grep -o 'GLIBC[A-Z]*_[0-9.]*' | sort -Vu`

Kijana_Tandale: Za juu kabisa ni GLIBC_2.38 na GLIBCXX_3.4.32 (hii ya laibrari ya C++). Hiyo 2.38 imetoka wapi mkuu? Sijatumia kitu kipya, nasoma namba kwa strtol basi.

Fundi_Temeke: Ni hiyohiyo strtol. Kuanzia 2.38, stdlib.h inaigeuza kimyakimya kuwa `__isoc23_strtol`, ili isome na namba za binari zinazoanza na 0b. Kwa hiyo usihangaike kufumua kodi. Kompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayotaka kuihudumia, kwa Docker, inayokufungulia mfumo huo ndani ya kontena kwenye laptopu yako:

`docker run -it -v "$PWD":/kazi ubuntu:20.04`

Ndani yake `apt update`, halafu `apt install g++`. Hiyo g++ ndiyo itakayokula bando.

MamaSeva: Mnazunguka. 20.04 msaada wake wa kawaida uliisha 2025, mwambie shemeji apandishe toleo.

Fundi_Temeke: Kweli dada, ila kwanza apige `ldd` kwenye programu ya printa. Ikitaja libssl.so.1.1 (laibrari ya usimbaji ya OpenSSL), ajue 22.04 iliitoa na kuleta OpenSSL 3. Na asidanganywe kuunga kiungo cha libssl.so.3 kwa jina la zamani, itadai alama ya OPENSSL_1_1_0 na kuzima palepale. Kwa sasa ajiunge na Ubuntu Pro, ni bure hadi mashine 5, aendelee kupata marekebisho ya usalama.

MamaSeva: Hapo kwenye printa sina ubishi.

Kijana_Tandale: Nimeingia kwenye kontena, inakataa `#include <format>`. Kwenye laptopu haikuwa na shida.

Fundi_Temeke: GCC (kompaila yenyewe) ya 20.04 ni 9, std::format imekuja na GCC 13. Tumia laibrari ya fmt, ndiko std::format ilikotokea, kwa hiyo utabadilisha mistari michache tu. `apt install libfmt-dev`, na juu ya include andika `#define FMT_HEADER_ONLY`, isije ikadai laibrari nyingine dukani. Ukimaliza, rudia ile objdump. Isipovuka 2.31 wala GLIBCXX_3.4.28, beba flashi uende.