Mtwara na Lindi: mwenye baiskeli naye ni mtu! Tumechoka kudharauliwa

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika na nitasema yote.

Nimezaliwa Mtwara na baiskeli ndiyo usafiri wangu. Siendeshi kwa sababu nimekosa nauli ya bajaji, naendesha kwa sababu huu mji unafaa kwa baiskeli. Ukitoka Shangani alfajiri, upepo wa bahari bado una ubaridi, unapita Ligula, unafika soko kuu hata jasho halijakutoka. Mikindani ni kilomita kama kumi tu. Kule kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, kuna nyumba za mawe za zamani, kuna ghuba ambayo Livingstone alishukia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho bara. Ukitaka kuvuka maji, Mtwara kuna kivuko cha Msangamkuu, na Lindi kuna cha kwenda Kitunda. Mtu angeweza kuzunguka huku siku nzima kwa pedali na kivuko, akala pweza wake, akarudi nyumbani na furaha. Ila ajaribu aone.

Barabara ya Mikindani ndiyo hiyo hiyo ya malori mengi yanayokuja bandarini. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, ni foleni ya semi zenye magunia. Siku hizi kuna na makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Dereva anakuja nyuma yako, anapiga honi ndefu, hapunguzi mwendo hata kidogo. Maana ya ile honi ni moja: toka. Unatoka uende wapi? Pembeni ya lami ni mchanga, tairi la mbele likiingia umeanguka. Mimi mwanaume mzima nimeshashuka mara nyingi nikasimama vichakani kama mwizi ili lori lipite. Sasa mfikirieni mchuuzi wa samaki mwenye tenga limejaa kwenye kerea. Yule hawezi kushuka haraka vile. Akiyumba, samaki chini, mtaji wa siku umekwisha, na hapo tumshukuru Mungu kama mguu umepona. Mfikirieni mwanafunzi aliyempakia mdogo wake. Hawa ndio wenye baiskeli wa Mtwara, siyo watalii wenye helmeti. Barabara inapofanyiwa ukarabati nani anawakumbuka? Naambiwa eti bajeti. Mita moja na nusu ya lami kila upande ni bajeti gani inayoshinda uhai wa mtu?

Tuje kwenye kivuko. Sikitaji ni kipi, mnaovuka mnakijua. Nilikwenda na mdogo wangu aliyekuja likizo kutoka Dar. Tumekata tiketi kama watu wengine, tumesimama na baiskeli zetu. Chombo kimefika, yakaingizwa magari, zikaingizwa bodaboda, sisi tukaambiwa "nyie wa baiskeli subirini kwanza". Tukasubiri. Kikaondoka, na nafasi tunaiona kwa macho! Kuuliza kinachofuata saa ngapi, jibu ni "kikijaa". Pembeni yangu kuna mama ana ndoo mbili za samaki, barafu inayeyuka, anauliza swali hilo hilo na anajibiwa kwa ukali kana kwamba ameomba msaada. Mama wa watu amelipa! Ratiba ya kubandika kwenye ubao ni karatasi moja na gundi. Matokeo yake watu wanachoka, wanapanda mitumbwi bila jaketi la kuokolea, kusi likivuma tunabaki kuomba dua. Siku mtu akizama tutasikia "wananchi wazingatie usalama".

Na sasa treni, hapa ndipo damu inanichemka. Yule mdogo wangu Dar amezoea: anavuka Kigamboni kwa kivuko, anapanda treni ya mjini, akiwa na safari ya Dodoma anapanda ya umeme. Akaniuliza kwa moyo mweupe, "Kaka, stesheni ya huku iko wapi?" Nikamwambia ilikuwepo. Hakuniamini.

Ilikuwepo wakuu. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947 wakajenga reli kwenda Nachingwea, kwanza kutokea Mkwaya kule Lindi, baadaye na kutokea Mtwara ilipopatikana bandari ya kina kirefu. Likaongezwa tawi la Masasi. Karanga zikawashinda, mradi ukafutwa 1951. Reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Sababu ilikuwa hasara, mzigo hautoshi. Haya, leo mzigo hautoshi? Korosho, makaa ya mawe, saruji, vyote vinapita kwenye lami juu ya migongo yetu! Kila nikikwepa lori nakumbuka kwamba ule mzigo ulipaswa kuwa kwenye behewa. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, tumeisikia tangu tuko wadogo. Wazee waliopanda ile ya kwanza wanaondoka mmoja mmoja bila kuiona ya pili.

Msinijibu kwamba Kusi­ni bado tunaendelea, tuwe na subira. Sijaomba treni ya umeme kesho asubuhi. Naomba mabega ya lami, ile mita moja na nusu kila upande, kuanzia mjini mpaka Mikindani. Naomba ratiba ya kivuko ibandikwe na ifuatwe, na mwenye baiskeli aliyelipa apande kwa zamu yake. Na pale ambapo tuta la reli ya zamani bado linaonekana, lisigawiwe viwanja; lisawazishwe liwe njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kwa sababu tuta la treni halina mlima mkali na halina malori.

Diwani au mbunge yeyote wa mikoa hii miwili anayesoma hapa, ajibu kwa jina lake: kwenye bajeti ijayo, mabega ya barabara ya Mikindani yamo au hayamo? Wengine mnaoendesha, wa Lindi, Mingoyo, Naliendele, wekeni hapa sehemu zilizo hatari kwenu, tuziandike zote tuzipeleke halmashauri kwa mkono.