Mkataba wa intaneti ya nyumbani unaisha, nawaza nisiuhuishe. Aliyewahi kuishi hivyo anisaidie

Mwalimu_Zamu

Wakuu, habari za jioni. Mkataba wetu wa intaneti ya nyumbani unaisha mwisho wa mwezi, na safari hii sina haraka ya kuuhuisha. Mke wangu yuko tayari tujaribu, ila ana maswali yake na mimi nina yangu.

Nafundisha sekondari. Jioni narudi na rundo la madaftari ya kusahihisha, nakaa mezani, nafungua kompyuta kuhakiki jambo moja tu, tuseme mwaka ambao mwanafunzi ameutaja kwenye insha. Jibu linapatikana hapo hapo. Lakini pembeni kuna habari nyingine, chini yake video, na video ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Nikija kushtuka watoto wameshalala na daftari ni lile lile. Mke wangu naye ana ya kwake. Juzi alisema neno ambalo limenikaa kichwani: mchana tukiwa kazini tunaandikiana ujumbe mwingi kuliko maneno tunayoambiana usiku tukiwa chumba kimoja.

Programu za kuzuia tovuti tumeshazitumia. Nywila naijua mimi mwenyewe niliyeiweka, kwa hiyo zinadumu mpaka siku nitakapochoka.

Nataka kujua kwa aliyeishi hivyo kweli: kazi za ofisi zinazotumwa mtandaoni mnazifanyaje? Watoto na kazi zao za shule? Na mama mkwe anayetupigia kwa video kila Jumapili tumwambie nini? Zaidi ya yote, maisha yanabadilika, au mtu anahamia tu kwenye bando la simu?

---

Kasi_Kamili

Mkuu, kwa heshima, mimi nakushauri usikate. Kuna mwandishi wa habari wa Marekani, Paul Miller, aliacha intaneti mwaka mzima kuanzia Mei 2012. Tovuti aliyokuwa anaiandikia, The Verge, iliendelea kumlipa wakati wote huo. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu: alisoma, aliandika, alipungua uzito. Baadaye akapata njia mpya za kupoteza muda, akawa wa kujifungia ndani na kucheza gemu, akaonana na watu kwa nadra kuliko zamani. Aliporudi mwaka 2013 aliandika wazi kwamba alidhani tatizo ni intaneti, kumbe halikuwa hilo peke yake.

Kama mtu anayelipwa kukaa bila mtandao ilimshinda, wewe mwenye kazi na watoto utaumia bure. Jenga nidhamu, weka saa maalumu za kutumia, basi.

---

Mama_Leja

Mwalimu, pole na majukumu. Nyumbani kwangu hakuna intaneti, na haijakatika kwa kukosa hela. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo hilo swali la kazi nitakujibu kwa uzoefu.

Kwanza nimjibu ndugu Kasi_Kamili, maana mfano wake ni wa kweli ila hauhusu jambo lenyewe. Yule bwana aliacha kila kitu, mahali popote, mpaka barua pepe na ramani. Marafiki walimpotea kwa sababu ndiko walikokuwa wakipeana miadi. Mwalimu haulizi kuhusu kuacha intaneti, anauliza kuhusu kuitoa ndani ya nyumba. Mimi naitumia karibu kila siku ya kazi, maktaba au ofisini kwa mteja. Naenda na mambo yangu, nayamaliza, nafunga. Na hizo saa maalumu unazomshauri, nani atamsimamia saa nne usiku akiwa amechoka? Nidhamu ya mtu aliyechoka mimi siiamini. Naiamini nyumba ambayo kitu hakimo.

Sasa Mwalimu, nikueleze kilichobadilika, maana hapo ndipo watu wengi hukisia vibaya. Hukisia kwamba nimepata muda mwingi. Muda nimepata, lakini kikubwa ni kwamba maswali yamerudi kuwa maswali. Ukutani karibu na mlango nimebandika karatasi, na kalamu inaning'inia kwa uzi. Yeyote ndani ya nyumba akitaka kujua jambo au kuagiza jambo la mtandaoni anaandika pale. Wiki hii ina haya, nanakili kama yalivyo: "fomu ya kodi ya mteja wa viatu", "kwa nini mwezi unaonekana mchana", "dawa ya kikohozi na ya presha zinaweza kwenda pamoja? (muulize mfamasia)", "yule mchezaji wa mguu wa kushoto anaitwa nani", "bei ya kioo cha simu". Nikifika maktaba nakaa na karatasi ile, na mengi nayakata kabla hata ya kuwasha kompyuta. Ya mchezaji kijana wangu alikumbuka mwenyewe akiwa anaoga. La dawa lilimalizwa na mfamasia kwa maneno mawili. Zamani kila moja ya hayo lingenifungulia mlango wa saa nzima.

Jingine ni ubishi. Kwetu tunabishana sana, ni familia ya wabishi. Wakati wa wai-fai ubishi ulikufa kabla haujakolea: mtu anachomoa simu, anasoma jibu, kimya, kila mtu anabaki na simu yake aliyokwisha kuichomoa. Siku hizi tukikwama anapigiwa shangazi yao mkubwa, aliyefundisha historia maisha yake yote. Shangazi hajibu swali hivi hivi. Ataanza na mwaka, ataingia kwa waliokuwepo, ataishia kwa nani alimuoa nani. Wanangu wamemjua shangazi yao kwa njia hiyo. Hapo awali alikuwa mtu wa salamu za sikukuu.

Nisikufiche na upande mgumu. Jioni za mwanzo ni nzito. Mimi na mume wangu tulikuwa na mazungumzo ya fedha tuliyoyaahirisha muda mrefu, na nyumba ilipokuwa kimya yakaja yenyewe. Yalikuwa machungu, na nashukuru yalikuja, lakini jiandaeni, maana mkeo tayari ameshaligusa hilo. Wageni wanauliza nywila mara tu wakiketi. Na kuna siku mteja anataka hati sasa hivi, nami niko nyumbani, inabidi asubiri asubuhi. Wateja wote niliwaeleza mapema: barua pepe nasoma asubuhi na alasiri, la dharura nipigie. Mmoja aliondoka. Waliobaki wamezoea, na sasa wananipigia kwa mambo ya maana tu.

Kuhusu bando, hapo ndipo wengi wanapoangukia. Ukiondoa ruta ukabaki na simu janja yenye bando kubwa, hujafanya kitu, na pengine umeharibu zaidi, maana sasa unaangalia kwenye kioo kidogo kitandani. Sisi laini zetu tumezihamishia kwenye vitochi. Vitochi ndivyo vinavyokaa nyumbani: vinapiga, vinapokea ujumbe, namba za siri za benki zinaingia humo bila shida. Simu janja zinabaki kwenye mikoba ya kazi bila laini, zinapata mtandao tukiwa nje kwenye wai-fai.

---

Fundi_Antena

Dada Mama_Leja amemaliza kuhusu maisha, mimi niongeze ya ufundi. Nafunga mitandao ya majumbani kila siku, na naona watu wanaogopa kukosa vitu ambavyo havihitaji intaneti hata kidogo.

Zile namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu hazitoki mtandaoni. Simu inazikokotoa yenyewe kutokana na siri iliyohifadhiwa siku ulipojisajili na saa iliyopo. Bila mtandao zinafanya kazi, mradi saa ya simu iwe sahihi. GPS vilevile: simu inapokea mawimbi ya setilaiti, kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, na ramani unaweza kuipakua mapema kutoka OpenStreetMap ukawa nayo mfukoni.

Kwa Mwalimu hasa: tafuta programu inayoitwa Kiwix. Ipo tangu 2007 na ni ya bure. Unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, unaisoma bila mtandao. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia hata kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha ni kubwa mno, tenga diski ya nje. Mwaka wa tukio utauhakiki mezani hapo hapo, na hakuna video itakayokufuata, kwa sababu makala ikiisha imeisha. Watoto pia itawafaa kwa kazi za shule.

Barua pepe zako weka kwenye programu ya kompyuta, usitumie kivinjari. Utaandika majibu usiku ukiwa umetulia, yatakaa kwenye kikasha cha kutoka, na ukifika shuleni yatajituma. Fomu za alama jaza kwenye faili, upandishe kesho yake.

Usisahau masasisho ya usalama. Kompyuta isiyopata mtandao nyumbani lazima ipate mahali pengine mara kwa mara, iache iwake shuleni mpaka imalize.

---

Nuru_Kidogo

Naunga mkono kwa sababu kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la PNAS Nexus. Watu 467 walishiriki, na walizimiwa intaneti ya simu kwa wiki mbili, wakabakiziwa kupiga na ujumbe wa kawaida. Asilimia 91 walipata nafuu katika angalau jambo moja kati ya utulivu wa akili, kuridhika na maisha, au uwezo wa kukaza macho kwenye jambo moja. Muda uliookolewa ulienda kwenye kuonana na watu, mazoezi na kutembea nje. Si wote walioshika sharti mpaka mwisho, na hilo linaeleweka.

Zingatia lakini: kwenye utafiti ule kompyuta ziliachwa na mtandao wake, kilichozimwa ni simu. Ndiyo maana nasema la vitochi alilosema Mama_Leja lina uzito pengine kuliko ruta yenyewe. Na tusiwalaumu watu kukosa nidhamu kirahisi hivyo. Ukurasa usio na mwisho ulibuniwa na mtu, Aza Raskin, mwaka 2006, na mwenyewe amesema hadharani anaujutia. Zamani ulifika chini ya ukurasa ukabonyeza "unaofuata", na hapo ulipata nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Nafasi hiyo imeondolewa.

---

Kasi_Kamili

Nimesoma yote. Hoja ya kuitoa nyumbani tu bila kuiacha kabisa ni tofauti na nilivyoelewa mwanzo, hiyo naikubali. Bado naona kwa mtu anayeishi peke yake mambo yanaweza kuwa kama ya yule Miller. Mwalimu ana familia ndani, atakuwa na wa kuongea naye.

---

Mwalimu_Zamu

Wakuu, nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote. Karatasi ya mlangoni tumeipenda wote, na Kiwix nitaipakua shuleni wiki hii. Amebakiwa na mambo mawili. La kwanza, mtoto akiugua usiku tutafanyaje bila mtandao? La pili ni mama yake. Jumapili anataka kuwaona wajukuu, kuwasikia tu hakumtoshi, na mimi siwezi kumnyima hilo.

---

Mama_Leja

Msalimie sana mwenzio. La ugonjwa: kitochi kinapiga bila bando, na usiku mtoto akiwa na homa anahitaji daktari au jirani mwenye gari. Kusoma dalili kwenye tovuti kumi kulinipandishia hofu tu, homa haikushuka. Andikeni namba za hospitali, za daktari na za majirani wawili, zibandikwe juu ya ile karatasi, kwa maandishi makubwa ambayo hata binti wa nyumbani atayasoma gizani kwa tochi. Waonyesheni watoto wakubwa namna ya kupiga.

Mama mkwe msimguse kabisa. Sisi bibi yao tunampigia kwa video Jumapili baada ya chakula: laini inarudishwa kwenye simu janja, linawekwa bando dogo la siku, watoto wanapokezana simu, bibi akiridhika laini inarudi kwenye kitochi. Mpeni saa maalumu ili asisubiri kwa wasiwasi, na mwambieni sababu ninyi wenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Wa kwetu alidhani tumefilisika, akataka kututumia hela.

---

Fundi_Antena

Mwalimu, moja kabla hujakata: angalia kama simu yenu ya mezani, king'ora au kamera ya mlangoni vinapita kwenye ruta hiyo hiyo, maana vitazimika pamoja nayo. Toa taarifa kwa maandishi kabla mkataba haujaisha, kwa sababu mikataba mingi hujihuisha yenyewe usipoandika. Na ukirudisha ruta chukua risiti yenye namba ya kifaa.