Tupeane uzoefu: kuishi na usonji au ADHD huku kwetu Kigoma na Tabora

Mama wa Gungu (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, salaam. Jana nikiwa sokoni Mwanga nilimkuta mama mmoja amezungukwa na watu kwa sababu mwanawe alikuwa amejitupa chini, ameziba masikio na kupiga mayowe, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema: huyu amedekezwa, huyu anahitaji bakora, huyu ana shetani. Pembeni palikuwa na spika ya muuza mitumba ikitangaza bei kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna aliyefikiria kuizima. Nilipoomba izimwe, mtoto alianza kutulia, na baada ya muda akanyanyuka mwenyewe.

Wangu ana miaka tisa na ana usonji, yaani hali ya ubongo inayofanya kuwasiliana na watu na kustahimili kelele kuwe kugumu. Habari za MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, anazo zote kichwani: kwamba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, kwamba iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi safarini mwaka 1927. Atakueleza hayo kwa mpangilio bila kukosea, lakini tumbo likimuuma hawezi kuniambia kuwa linamuuma. Nitajua tu kwa kumwona anajigonga ukutani. Naomba kila mwenye uzoefu, wake mwenyewe au wa mtoto anayemlea, auandike hapa bila kufichana.

Fundi wa Isevya

Mama Gungu, habari ya spika imenikumbusha shule ya msingi. Darasa letu lilitazamana na barabara, na kila lori lililopita lilinichukua mawazo, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yangu niliyasikiliza nikiwa nimepigishwa magoti nje ya mlango. Wakubwa waliniita mtundu na mzembe. Nilikuja kuambiwa na daktari kuwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushikilia jambo moja, nikiwa tayari nina mke na watoto, tena siku niliyompeleka mwanangu wa kwanza akachunguzwe, kwa maana hali hii hurithiwa sana katika ukoo.

Leo ninatengeneza pikipiki hapa Tabora. Ikiletwa inakohoa, ninaisikiliza kwanza, na mara nyingi ninajua kama ni kabureta au ni plagi kabla sijashika spana. Nikizama katika injini ninaweza kupitisha chakula cha mchana na cha jioni bila kuhisi njaa. Tabu ni kwamba mtu akinipigia simu katikati ya kazi, nikikata simu ninaweza kujikuta nimeanza kufumua injini nyingine, na ile ya kwanza inalala chini huku kijana wa bodaboda anakosa hesabu ya tajiri wake. Nimegombana na watu wengi kwa ajili hiyo, na si kwa kuwadharau. Mke wangu ndiye aliyeweka ubao ukutani: pikipiki moja, mstari mmoja, na mteja wa pili hateremshi ya kwake mpaka mstari wa kwanza ufutwe. Ubao huo umelinda jina la karakana yangu.

Mtoto wa Kaliua

Hapo kwenye kupotelewa na jambo ulilolishika mkononi, ni kama umeniandika mimi. Ninakubaliana na kila neno.

Binti Ujiji

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, na ninaandika kwa sababu kila mara mada hii inapozungumzwa, wanaotajwa ni wavulana. Katika malezi yetu binti anayeinamisha macho mbele ya wakubwa husifiwa kuwa ana adabu. Mimi niliyainamisha kwa sababu kutazamana na mtu kulinichosha kiasi cha kutosikia anachosema, na hakuna aliyeshuku lolote. Binti asiyeongea sana huitwa mpole. Binti anayecheza peke yake huitwa mtulivu. Nilikaririshwa maamkizi na majibu yake, na nikajifunza kuyatoa kwa wakati wake, lakini shughuli ya harusi ikiisha nilikuwa ninaumwa kichwa kwa siku nzima, nimejifungia chumbani gizani, na nyumbani wakasema nina maringo.

Kitenge kipya ambacho hakijafuliwa siwezi kukivaa, kwani ule ugumu wake shingoni nausikia muda wote hadi nishindwe kufikiri. Kwa upande mwingine, ninafanya kazi ya hesabu katika chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na tarakimu iliyokosewa katika ukurasa hunijia machoni kabla sijaanza kujumlisha. Wakulima wetu wamewahi kulipwa haki yao kwa sababu ya kosa ambalo wengine walilipita. Ninachokiomba kazini ni kidogo: nipewe maagizo kwa maandishi, na nisihamishwe meza bila taarifa.

Msema Kweli Tabora

Mimi nitasema ambalo wengi mnalikwepa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anasema mama, baba, maji, na baada ya chanjo ya surua ya miezi 18 maneno yote yakapotea. Dada amemzungusha kwa waganga hadi Sikonge, na huko hospitali hawataki kusema ukweli kuhusu chanjo hizo.

Muuguzi Mstaafu

Mdogo wangu, mpe pole dada yako, maana kumsikia mtoto akiongea kisha akanyamaza ni uchungu mkubwa. Lakini jambo hili lazima liandikwe sawasawa kwa sababu kuna mama atakayelisoma akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Chanjo ya surua na rubela hutolewa kwetu mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na umri huo wa pili ndio hasa ambao baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyokuwa nayo, wawe wamechanjwa au hawakuchanjwa. Dai la kuziunganisha chanjo na usonji lilienezwa na daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998. Uchunguzi ulipofanyika, jarida la The Lancet liliifuta makala yake mwaka 2010, na mwaka huohuo jina lake likaondolewa katika orodha ya madaktari wa nchi ile. Nimehudumia wodi yenye watoto wa surua, na sitaki mtoto wa mtu yeyote afike kule.

Dada yako aanze kwa kumpima mtoto masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana kwa nje kama mwenye usonji. Kisha amweleze daktari kama amewahi kumwona mtoto akikodoa macho ghafla na kupotelewa kwa muda mfupi, kwani kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine, nacho kina dawa.

Msema Kweli Tabora

Sikuja hapa kufundishwa kama mwanafunzi. Nimeeleza tulichokiona kwa macho yetu.

Muuguzi Mstaafu

Mlichokiona nimekikubali, ndugu yangu. Sababu yake ndiyo ninayoikataa. Mpelekeni apimwe masikio.

Mama wa Kasulu

Naomba niseme kitu, na mnisamehe kama kitakuwa kikali. Nimesoma habari za Liemba, za injini, za hesabu za ushirika, nikafurahi kwa ajili yenu. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, hasemi, bado anavaa nepi usiku, na hana kipaji chochote ambacho ningeweza kukitaja mbele ya wageni. Kila anayejua kuwa ana usonji huniuliza, eti ni mjuzi wa nini? Kwani lazima awe mjuzi wa kitu ndipo astahili kupewa kiti katika daladala? Akifurahi hupiga makofi, akichoka huja kuniegemea, na mimi kwangu anatosha. Msiwapime watoto wetu kwa maajabu.

Fundi wa Isevya

Dada yangu, sikuandika kwa kumpima mtu. Mama Gungu aliuliza tunaishije, nami nikajibu. Nisipoyataja ninayoyaweza, watoto wangu watajua kasoro za baba yao tu.

Binti Ujiji

Mama Kasulu ana haki, hata kama maneno yake yamemchoma fundi. Nami ninaheshimiwa siku ambazo hesabu zinakwenda vizuri; siku ambayo siwezi kuongea, heshima ile haipo.

Mama wa Kibirizi

Nilikuwa nimeamua nisome tu, lakini hiyo habari ya mtoto asiyeweza kujieleza imeniamsha, na sasa ninaandika huku mikono inatetemeka.

Mwanangu ana miaka kumi na minne na ni mrefu kuliko baba yake. Anaongea, ila mara nyingi hurudia alichoambiwa, kwa sauti ileile ya aliyemwambia. Anapenda taa. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa inajiandaa kutoka, kila mmoja unawasha taa zake kwa majaribio. Nilikuwa jikoni ninasonga ugali. Nilipotoka na sahani, mlango wa uani ulikuwa wazi naye hayupo. Nilikimbilia ziwani moja kwa moja kwa kuwa ninamjua.

Kumbe siku za karibuni wavuvi walikuwa wameibiwa betri. Walimkuta ndani ya mtumbwi amezipanga taa kwa mstari, kubwa hadi ndogo. Mmoja akamshika mkono na kumuuliza, "Unatafuta nini hapa?" Naye akajibu, "Unatafuta nini hapa?" Yule akasema, "Unamjibu nani?" Mwanangu akasema, "Unamjibu nani?" kwa sauti ileile, na wakaona ni mwizi mwenye kiburi anayewadhihaki. Nilichokisikia kutoka juu ya mchanga ni neno lile ambalo mzazi wa mtoto kama wangu huliogopa kuliko ugonjwa wowote: mwizi. Watu walikuwa wanatoka kwenye vichanja, wengine wameshika makasia, na yeye badala ya kukimbia au kuomba msamaha aliziba masikio na kuanza kuyumba mbele na nyuma, jambo ambalo kwao lilithibitisha kuwa amevuta bangi.

Aliyemwokoa si mimi. Ni mama mmoja muanika dagaa ambaye humwona tukipita kwenda kununua, alimkumbatia kwa nyuma akawageuzia wale watu mgongo wake mwenyewe na kupiga kelele kuwa huyu ni mtoto, ni mgonjwa, mwiteni mama yake. Nilipofika alikuwa amechanika juu ya jicho na bado anarudia, "Mwiteni mama yake." Wavuvi waliomba radhi, na baadhi yao walilia. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo hakukubali kuvuka kizingiti, na mimi usingizi wangu haujarudi ulivyokuwa.

Mtoto wa Kaliua

Nimesoma nikashindwa kumeza chakula. Mungu ambariki yule mama.

Mama wa Gungu

Dada, pole sana. Tuko jirani hivi na sikuwa na habari. Nitakuja kukuona.

Msema Kweli Tabora

Mama, kwa hili ninakupa pole ya dhati. Ila mimi ningemfungia. Kufuli la nje na la ndani, basi. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 1,400 na halina huruma.

Mama wa Kasulu

Umfungie hadi lini, kaka? Na nyumba ikishika moto ukiwa sokoni? Weka kengele mlangoni, hata ile ya mbuzi inatosha, mradi ukiwa jikoni uisikie.

Fundi wa Isevya

Kengele ya mbuzi nyumbani kwangu ingelia mchana kutwa, maana tuko wawili wenye miguu isiyotulia, lakini wazo ni zuri. Namba ya simu ishonewe ndani ya ukosi wa shati; kadi ya kuning'iniza shingoni wengi huivua.

Muuguzi Mstaafu

Ukiishona, usiiweke penye ngozi laini, la sivyo ataivua na shati lenyewe. Na mtembezeni kwa watu kabla ya hatari: mwenyekiti wa mtaa, wavuvi, vijana wa bodaboda kituoni. Waelezwe wazi kuwa akirudia maneno hadhihaki, na kwamba akiziba masikio wapunguze sauti, wasimshike. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa kwao wanapotoroka nyumbani, kwa hiyo kujua kuogelea ni sehemu ya ulinzi wake.

Mwalimu Cheyo

Ninaongeza la shule, kwa sababu baada ya tukio kama hilo wazazi wengi humwachisha mtoto masomo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kusoma. Mwoneni afisa wa elimu maalumu katika halmashauri awaeleze ni shule zipi zina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na mpate maandishi ya daktari mapema, si mwaka wa mtihani, kwa sababu Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu waliotambuliwa. Na walimu wenzangu wanaosoma hapa: mtoto anayehangaika kitini apewe kazi ya kugawa madaftari au kufuta ubao. Bakora hairudishi mawazo yaliyokwenda barabarani.

Mzee wa Bangwe

Mimi ni mvuvi niliyestaafu. Mama Kibirizi, mlete kijana Jumamosi asubuhi, upepo ukiwa haujaanza, nimfundishe kuelea na kurudi ufukoni. Wajukuu wangu wote nimewafundisha.

Mama wa Kibirizi

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Tutakuja na baba yake. Maji hayaogopi hata kidogo. Asichokistahimili ni kushikwa mabega ghafla, kwa hiyo ukitaka kumgusa mwambie kwanza, kisha ungoje mpaka yeye mwenyewe anyooshe mkono. Akirudia maneno yako ujue amekusikia. Na naomba wajukuu wasije siku hiyo ya kwanza, kwa sababu ya makelele.

Mzee wa Bangwe

Marahaba, binti yangu. Watabaki nyumbani. Mje na kanga kavu na mihogo ya kuchemsha, akitoka majini atakuwa na njaa.