Nyama ya swala, mwendo wa saa sita juani: naifikishaje nyumbani?

Mtoto wa Bonde: Wakuu, nimepata leseni ya uwindaji wa wenyeji, swala pala mmoja. Kutoka porini hadi nyumbani ni saa sita, pikapu ya wazi, vumbi tupu. Jamaa ananishauri nimpakie mzima na ngozi yake ili vumbi lisiingie. Nifanyeje?

Kisu Kikali: Huyo jamaa atakulisha uozo. Ngozi ni blanketi, na tumboni kumejaa majani yanayochacha. Toa matumbo palepale alipoanguka. Funga mkundu kwa kamba kwanza, kisha pasua makali yakitazama juu, usitoboe utumbo wala kibofu. Kinyesi kikigusa nyama, kata kipande hicho utupe; usisuuze kwa maji ya bwawa, unasambaza tu. Kisha chuna, gawa mapande, tundika kivulini yapoe, ndipo upange kwenye boksi la barafu. Barafu iwe ndani ya mifuko, nyama isiloe. Ila muulize kwanza ofisa wanyamapori kama anataka kuona kichwa na ngozi.

Bwana Mifugo: Mmesahau ugonjwa wa kimeta. Mnyama uliyemkuta amekufa, amevimba, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni: usimpasue, usimguse, toa taarifa. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kuanika nyama hakuviui.

Abuu Twalha: Na sisi tunaochinja? Ukiwahi yu hai, mwendee kwa mgongoni, kwato zake si mchezo. Kisu cha kuchinjia kisiwe cha kupasulia.

Mama Friza: Nyumbani usirundike nyama yenye joto, katikati itaoza. Friji nyuzi 4 kwa siku chache, friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa miezi. Penye risasi kata kwa upana, risasi huacha chembe za madini.

Bwana Mifugo: Na nyama ya ngiri je? Friza isiwadanganye, baadhi ya minyoo ya trikinela huvumilia baridi. Pika hadi ndani pasiwe na wekundu.

Mtoto wa Bonde: Nimewaelewa, barafu nabeba. Na maini? Wenzangu huyachoma hukohuko porini.

Kisu Kikali: Yapasue uyaangalie. Ukiona madoa meupe, malengelenge au minyoo, fukia. Yakiwa safi, yaive kabisa, hayo ya kubabua juu juu waachie wenyewe.