Karakana ya pamoja ya madaktari na wahandisi: Mwanza inaihitaji, au tunaanzia pasipofaa?

Mleta hoja

Hoja yangu ni kwamba jiji letu linahitaji karakana moja ya kujifunzia ambamo mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa uhandisi watakaa benchi moja, na kwamba karakana hiyo iwe hatua chache tu kutoka wodini. Najua jibu ambalo wengi wanalo tayari: hayo ni mambo ya Marekani. Ni kweli yapo huko. Mjini Houston, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipokea mwaka 2019 wanafunzi wa kwanza wa mpango unaowapa shahada ya udaktari pamoja na ya uzamili wa uhandisi kwa miaka minne, na kila mmoja anatakiwa abuni kitu cha kutatua tatizo la tiba kabla ya kuhitimu. Siombi tuuige mpango huo. Daktari mwenye shahada mbili anaweza kusubiri. Watu wawili wanaoelewana hawawezi.

Chukulieni mashine ya kuzalisha oksijeni. Inavuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, inaisukuma kwa nguvu kupitia chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka upande wa pili kinapaswa kuwa oksijeni isiyopungua asilimia 82. Chujio likijaa vumbi, au zeolaiti ikinyonya unyevu, usafi wa oksijeni hushuka ilhali kigololi cha kipimo kinaendelea kuelea kwenye lita 5 kwa dakika kana kwamba hakuna lililotokea. Daktari kijana ambaye hakufundishwa yaliyomo ndani ya sanduku lile ataongeza lita, kisha ataanza kutilia shaka ugonjwa aliouandika kwenye faili. Mhandisi kijana naye, ambaye angeligundua kosa hilo mapema, hajawahi kukanyaga wodi ile saa nane za usiku.

Na watu hao wote tunao hapa hapa. Chuo cha afya cha Bugando kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kule Malimbe kinafundisha uhandisi. Walikuwa nyumba moja. Leo kinachowaunganisha wanafunzi wao ni daladala.

Anayedhani wanafunzi hawawezi kutoa kitu cha maana aitazame Malawi. Mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, iliyobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, ilianza ikiwa pampu za tangi la samaki ndani ya sanduku la viatu la plastiki. Ilipojaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, asilimia 71 ya watoto walioitumia walinusurika, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya puani pekee.

Mchangiaji, fundi wa vifaa tiba, Sengerema

Ndugu mleta hoja, nimekusoma kwa makini, na maelezo yako ya mashine ya oksijeni ni sahihi isipokuwa mwisho wake. Kosa hugunduliwa, zeolaiti mpya ndiyo haipatikani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo vilikuwa havifanyi kazi. Hospitali moja niliyoitumikia ilikuwa na stoo nzima ya vifaa vya msaada, kimojawapo kikiwa cha volti 110 ilhali umeme wetu ni wa volti 230, ambacho kiliungua siku ile ile kilipochomekwa. Ubunifu gani ungekiokoa?

Karakana za namna hii huanza na printa ya 3D, kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Plastiki inayotumika zaidi kwenye printa hizo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na otoklevu yangu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inafika 121. Tena kifaa kipya hakiwezi kuingizwa kwenye matumizi ya wagonjwa bila kupita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ni haki iwe hivyo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kipuri kikiwepo Mwanza kinanifikia siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba hakipo. Fedha za karakana hiyo ziajiri mafundi na zinunue vipuri.

Mleta hoja

Kuhusu printa umenishinda, na ningeiweka mwisho wa orodha, baada ya mita za umeme, mashine ya kukereza vyuma na kifaa cha kupima usafi wa oksijeni. Lakini stoo uliyoitaja ndiyo karakana yenyewe ninayoiwaza. Wanafunzi waanzie kwenye vifaa vile vilivyokufa, wavifungue, waandike kila kimoja kiliuawa na nini, na wewe uwe mwalimu wao wa kwanza, ukilipwa kama mwalimu. Swali lako la volti 110 lina jibu: aliyewahi kukifungua kifaa angesoma kibandiko cha nyuma kabla ya kukichomeka, na daktari aliyepita karakana hiyo hatapokea msaada bila kuuliza unatumia umeme gani na vipuri vyake vinauzwa wapi.

Ugumu ninaouona mimi uko kwingine. Kifaa kilichotengenezwa na mwanafunzi kikirudi wodini na kumdhuru mgonjwa, atawajibika chuo, hospitali, au fundi aliyeweka sahihi? Ningependa waliowahi kusimamia wodi wachangie hapo kabla hatujazungumzia ramani ya jengo.