Kaunti ya Lowndes, Alabama: udongo, kura na maji taka

Mwandaaji_Somo:
Habari za humu ndani. Naandaa somo la historia la kidato cha tano kuhusu maisha ya vijijini Kusini mwa Marekani, na nimeamua kushika kaunti moja tu: Lowndes, Alabama. Maandamano ya 1965 ya kudai haki ya kupiga kura, kutoka Selma kwenda Montgomery, ninayo tayari. Kinachokosekana ni uzi wa kuyaunganisha mambo haya: kwa nini Weusi walikuwa wengi hivyo pale, kwa nini chui mweusi kama nembo ya chama cha siasa cha Weusi alianzia shamba na si mjini, na kwa nini hadi leo kuna nyumba ambazo maji ya choo yanamwagika nyuma ya nyumba. Pia kama kuna anayejua namna ya kufuatilia ukoo wa watu wa huko, naomba aongeze.

Udongo_na_Maji:
Uzi unaoutafuta ni udongo. Sehemu kubwa ya Lowndes imekaa juu ya chokaa laini iliyotuama kwenye sakafu ya bahari enzi za dinosaria. Juu yake kuna mfinyanzi mzito, mahali pengine mweusi kabisa, wa jamii moja na udongo wa mbuga ambao wanafunzi wako wataujua wakisikia Mwea au nyanda za Athi huko Kenya. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba na kufunga, maji hayapiti. Kusini, kuelekea mji wa Fort Deposit, ardhi inainuka kuwa vilima vya misonobari, lakini habari yako iko kaskazini na katikati.

Ilikuwa nchi ya Wamuscogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Tarehe 23 Desemba 1813 jeshi la Marekani lilishambulia na kuteketeza mji wao wa Holy Ground, ukingoni mwa Mto Alabama, karibu na White Hall ya leo. Mkataba wa Agosti 1814 ukawanyang'anya zaidi ya ekari milioni 20. Walowezi wa kwanza waliikwepa ardhi hii nyeusi kwa sababu kisima kifupi hakitoi maji kwenye chokaa. Ilipojulikana kwamba ukichimba ukaipita chokaa yote unafika kwenye mchanga wenye maji, wenye mashamba makubwa ya pamba wakamiminika na watumwa wao. Kaunti iliundwa Januari 1830. Sensa ya 1860 ilihesabu watu kama 27,700, na zaidi ya 19,000 kati yao walikuwa watumwa. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: idadi ya Weusi ilifuata pamba, na pamba ilifuata udongo.

Watumwa walipoachiwa huru ardhi ilibaki kwa walewale. Weusi wengi walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, huku mbegu na chakula wakikopa, na deni likikatwa kwenye pamba kabla hawajaona senti. Kuna eneo moja usilipite haraka, nalo ni Calhoun. Shule iliyoanzishwa pale 1892 kwa msaada wa Booker T. Washington ilianza kununua mashamba makubwa na kuyauza vipande vipande kwa wakulima Weusi. Mwenye hati ya ardhi yake hawezi kufukuzwa na bwana shamba. Miaka sabini baadaye jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kama utakavyoona kwenye habari ya kura.

Watu walifika zaidi ya 35,000 mwaka 1900. Kisha fukusi wa pamba, mashine za kuvunia na safari za kwenda Detroit na Chicago zikaipunguza kaunti hadi 10,311 kwenye sensa ya 2020, zaidi ya saba katika kila kumi wakiwa Weusi. Pamba imeondoka kwa sehemu kubwa. Leo utakuta malisho ya ng'ombe na misonobari ya mbao.

Kura_na_Sheria:
Naanzia kwenye kura. Mwanzoni mwa Machi 1965 Lowndes ilikuwa na Weusi wanne katika kila watu watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini 6 Agosti 1965, na siku chache baadaye maofisa wa serikali kuu wakaanza kuandikisha watu Fort Deposit. Waliojiandikisha walifukuzwa mashambani. Mwishoni mwa mwaka familia zilizofukuzwa zilijengewa mahema kando ya barabara kuu namba 80, na baadhi zilikaa humo kwa karibu miaka miwili. Wenye ardhi yao wenyewe waliweza kusimama imara zaidi.

Mbona hawakuingia chama cha Demokratiki? Nembo yake Alabama ilikuwa jogoo mweupe mwenye maneno ya ukuu wa Wazungu, na ada ya kugombea ngazi ya kaunti ilipandishwa kutoka dola 50 hadi 500. Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi, akiwemo Stokely Carmichael, pamoja na wenyeji kama John Hulett, wakatumia kifungu cha sheria ya jimbo kilichoruhusu chama kipya cha kaunti moja. Masharti yalibana: wagombea lazima wateuliwe kwenye mkutano wa hadhara siku ileile ya kura ya mchujo. Aliyehudhuria mkutano huo hakuruhusiwa kupiga kura ya mchujo kwingine. Tarehe 3 Mei 1966 watu wapatao 900 walikutana kanisani Hayneville, makao makuu ya kaunti, na kuteua wagombea saba, kuanzia sherifu hadi wajumbe wa bodi ya elimu. Nembo ilihitajika kwa sababu wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma, wakachagua chui mweusi. Chama cha Black Panther cha Oakland, California, kiliichukua baadaye mwaka huohuo.

Novemba walishindwa nafasi zote saba. Lakini walivuka asilimia 20 ya kura, kiwango cha kutambuliwa kisheria kama chama, na 1970 Hulett akachaguliwa kuwa sherifu. Wanafunzi wapate sehemu hii ya mwisho pia, kwa sababu vitabu vingi vinakomea kwenye mauaji ya 1965 ya watetezi wa haki waliopigwa risasi Lowndes.

Mwandaaji_Somo:
Asanteni sana. Swali ambalo nina hakika litatoka darasani: kwa nini wasichimbe choo cha shimo?

Udongo_na_Maji:
Swali zuri. Shimo kwenye mfinyanzi huu hujaa maji ya mvua za majira ya baridi, na ukichimba zaidi unagonga chokaa. Halafu shimo halipokei maji ya bafu, jiko na mashine ya kufulia, na nyumba hizi zina maji ya bomba.

Karo la kawaida la maji taka lina tangi, kwa nyumba ndogo huwa kama lita 3,800, kisha mitaro ya kokoto inayoyatoa maji polepole ardhini. Kabla ya kibali, udongo hupimwa. Unachimba tundu hadi kina cha mtaro, unakwaruza kuta ambazo jembe limezilainisha na kuziziba, unaweka kokoto kidogo chini, unajaza maji na kuyaacha usiku kucha ili mfinyanzi uvimbe. Kesho yake unapima maji yanashuka kwa kasi gani. Kwa kawaida, ikichukua zaidi ya dakika 60 kushuka inchi moja, mitaro ya kawaida haifai. Ukiruka hatua ya kulowesha na kupima kiangazi, maji yatakimbilia kwenye nyufa na udongo utaonekana unafaa. Karo likijengwa kwa kipimo hicho, mvua ikinyesha maji taka yanarudi bafuni.

Njia inayofanya kazi ni kujenga tuta la mchanga juu ya ardhi na kusukuma maji kwa pampu. Gharama yake inaweza kupita dola 20,000, na pampu inahitaji umeme na fundi. Asiyeweza anatoa bomba la plastiki hadi mtaroni, ingawa sheria ya jimbo iliifanya hiyo kuwa kosa.

Tahadhari mbili. Utafiti wa 2017 ulikuta chembechembe za minyoo ya safura kwa watu 19 kati ya 55 waliopimwa. Usiseme theluthi ya kaunti wanaumwa, sampuli ni ndogo mno. Na makubaliano ya Mei 2023 kuhusu maji taka ya Lowndes, kati ya Wizara ya Sheria ya Marekani na idara ya afya ya Alabama, yalisitishwa na serikali kuu Aprili 2025, kwa hiyo makala za 2023 zinazoyasifu zimepitwa.

Msaka_Nyaraka:
Kuhusu ukoo. Kwanza hakikisha ni Lowndes ipi, maana iko pia Georgia na Mississippi, na zote tatu zimepewa jina la William Lowndes wa South Carolina. Mkanganyiko huu huharibu kazi nyingi.

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Sensa ya 1890 iliteketea karibu yote, kwa hiyo unaruka kutoka 1900 hadi 1880. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja walioachiwa huru kwa majina yao. Kabla ya hapo tumia orodha ya wapiga kura ya 1867, iliyoko kwenye nyaraka za jimbo mjini Montgomery. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, umri, jinsia na rangi tu, hivyo lazima umtambue mmiliki kwanza, halafu usome hesabu za mirathi kwenye mahakama ya Hayneville, ambako watumwa mara nyingi wametajwa kwa jina moja pamoja na bei.

Usidhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Na mtu akipotea upande wa kusini baada ya 1866, mtafute Crenshaw: mwaka huo kaunti hiyo iliundwa na kumega sehemu ya Lowndes, familia ikabadilisha kaunti bila kuhama nyumba.