Wikendi ya Open House: unachaguaje majengo, na ukishaingia ndani uangalie nini?

Mpimaji77
Wakuu, naomba msaada. Nimepania kushiriki Open House mwaka huu, ile wikendi ambayo maofisi, minara, nyumba za watu na majengo ya serikali hufunguliwa bure kwa yeyote. Ratiba ina mamia ya majengo na siku zenyewe ni mbili. Nachaguaje? Foleni nazikabili vipi? Na nikishaingia niangalie nini, maana sitaki kutoka na picha za simu tu? Nitaongozana na mzee anayetembelea fimbo, ngazi nyingi hataziweza.

Boriti
Karibu. Anza kwa kufuta kabla ya kuchagua. Kila jengo unaloweza kuliingia siku nyingine lifute: makumbusho, maktaba, kanisa lililo wazi kila siku. The Rookery ya Chicago (1888) ni jengo zuri mno, lakini ukumbi wake wa chini huwa wazi siku za kazi. Ukumbi wa mapokezi wa National Theatre kule London nao unaingia siku yoyote ya maonyesho. Jengo la namna hiyo libakize tu kama wikendi ile wanafungua sehemu ambayo kwa kawaida haifunguliwi: paa, chumba cha mitambo, nyuma ya jukwaa. Soma maelezo ya ratiba kwa makini, kwa sababu "tumefungua" mara nyingine maana yake ni sebule ya mapokezi peke yake.

Yanayobaki yagawe kwa namna ya kuingia. Kuna ya kujifikia tu na kupanga foleni, kuna ya kuweka nafasi mapema, na kuna ya kura. 10 Downing Street, London, ofisi na makazi ya waziri mkuu wa Uingereza, ni la kura: unajiandikisha, unangoja jina. Usilipangie siku hadi upate jibu. Ya kuweka nafasi ndiyo yanayoumiza watu, kwani nafasi za minara mashuhuri huisha dakika chache baada ya kufunguliwa. Jua tarehe na saa ya ufunguzi, fungua akaunti yako siku moja kabla, na uwe na majina kamili ya kila mtu unayekwenda naye. Jina lililoandikwa lazima lifanane na la kitambulisho. Majengo ya serikali na ya mabenki hukagua hivyo, na mlinzi hana ruhusa ya kukuonea huruma.

Ukikosa, rudi kutazama siku mbili tatu kabla ya wikendi. Watu hughairi. Na wewe ukishindwa kwenda, ghairi tafadhali. Mahali penye orodha ya majina nafasi yako haijazwi na aliyesimama mlangoni, inapotea hivyohivyo.

Angalia pia kalenda. London siku hizi wameitandaza Open House kwa zaidi ya wiki moja mwezi Septemba, Chicago ni Oktoba. Ufaransa wana siku zao za urithi tangu 1984, wikendi ya tatu ya Septemba, na nchi nyingi za Ulaya zimefuata mtindo huo mwezi huohuo. Majengo mengi hufungua siku moja tu kati ya mbili, kwa hiyo panga Jumamosi na Jumapili kama safari mbili tofauti.

NguzoNaTao
Naongezea upande wa foleni. Urefu wa mstari haukuambii kitu mpaka ujue mambo mawili: kundi moja lina watu wangapi, na makundi yanaachana kwa muda gani. Muulize aliyevaa beji mlangoni. Kama wanaingiza watu 20 kila nusu saa na mbele yako wapo 100, hayo ni makundi matano, yaani saa mbili na nusu. Mahali pengine watu 100 haohao wanamalizika kwa dakika kumi kwa sababu wanaingia mfululizo na kuzunguka wenyewe. Minara ndiyo huenda polepole zaidi: lifti hubeba wachache, na idadi ya watu wanaoruhusiwa juu kwa wakati mmoja imewekwa kwa ajili ya usalama moto ukitokea.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuamini saa ya kufunga. Ratiba ikisema saa kumi na moja jioni, mkia wa foleni huenda ukakatwa saa tisa. Jengo unalolitaka kuliko yote lifikie kabla halijafunguliwa, asubuhi ya siku ya kwanza. Baada ya hapo chukua mawili au matatu yaliyo karibu nalo, ya kutembea kwa miguu. Majengo manne kwa siku yanatosha kabisa. Anayepanga manane huishia kuona milango. Weka na moja la akiba, dogo, lisilo na jina kubwa. Mara nyingi huko utamkuta msanifu mwenyewe amesimama jikoni, akieleza kwa nini dirisha lile limekaa pale.

Ukiwa na muda, jiandikishe kujitolea. Kule Chicago anayefanya zamu hupewa pasi ya kupita mbele ya foleni kwa saa zake zilizobaki.

Mpimaji77
Asanteni sana, hesabu ya makundi sikuwa naijua. Vipi kuhusu cha kuangalia? Mimi si mtu wa fani.

Fundi_Zege
Usianzie ndani. Simama ng'ambo ya barabara kwanza, ulitazame jengo zima na ujiulize swali moja: uzito wake unashukaje hadi ardhini? Ukishaingia, tafuta jibu. Hesabu hatua kati ya nguzo na nguzo. Ukiona ghorofa za juu zina nguzo za karibu karibu na chini pana uwazi mkubwa, basi mahali fulani katikati kuna boriti kubwa inayozipokea. Iulizie.

Jengo la ofisi la Monadnock, Chicago, ni darasa zuri la jambo hili. Nusu ya kaskazini, ya 1891, ina ghorofa 16 na kuta zake za nje ni matofali yanayobeba mzigo, kwa hiyo chini zina unene wa karibu mita 1.8. Simama kwenye dirisha la ghorofa ya chini uone kina cha ukuta, kisha ulinganishe na nusu ya kusini ya 1893, iliyotumia fremu ya chuma. Mzigo ule wa matofali ulizamisha jengo kuliko walivyokadiria, hata sakafu ya chini ikawa chini ya usawa wa barabara.

Lloyd's, jengo la soko la bima la London (1986, msanifu Richard Rogers), ni kinyume chake. Ngazi, mabomba na lifti vimetolewa nje ili ndani kubaki wazi. Watu hupiga picha mabomba wakaondoka. Ingia katikati, uangalie juu, ndipo utaelewa faida yake: ukumbi mmoja unaopanda hadi kwenye paa la kioo, bila shimo la lifti kuukata. Na 30 St Mary Axe, lile jengo la mviringo lenye mita 180, lisogelee ubavuni. Vioo vyake ni bapa, kimoja kimoja. Kilichopinda ni kile cha kileleni tu. Umbo la mviringo limetokana na pembe ndogo ndogo kati ya kioo na kioo, na hilo picha ya mbali haionyeshi kamwe.

Kwa zege, tafuta alama za mbao za kumwagia na vitundu vya vyuma vilivyoshika mbao hizo. Vikiwa vimepangwa kwa mistari inayokutana na viungo vya ukuta, jua kuna mtu aliyeichora kila mbao kabla ya kumwaga. Mwongoza wageni muulize mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi: nini kimewahi kuvuja, nini kimekarabatiwa, na nini kisingeruhusiwa kujengwa leo.

Ngazi3
Kuhusu mzee: alama ya kiti cha magurudumu kwenye ratiba huhusu mlango mara nyingi, si ziara nzima. Waandikie waandaaji uulize idadi ya ngazi, kama lifti itawashwa wikendi hiyo, na kama kuna mahali pa kukaa wakati wa kungoja. Minara ya zamani ya saa na ya kengele iache, mingi ni ngazi za mzunguko tupu. Mueleze mtu wa mlangoni mapema, kwa kawaida mzee huitwa mbele.

Begi liwe dogo. Makubwa hukataliwa kwenye ukaguzi, na hakuna pa kuyaacha. Viatu viwe bapa, kwani visigino vyembamba hunasa kwenye sakafu za wavu wa chuma na kutoboa mbao. Kwenye nyumba za watu omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na beba soksi safi. Wengi watawavulisha viatu.